Ndege Asiye na Mlima

Ukimpiga picha yule ndege mdogo wa Upare Kusini mwenye pete nyeupe machoni, halafu usiandike ulikuwa mlima gani, unabaki na picha nzuri ya ndege asiye na jina. Ni mdogo wa kuenea kwenye kiganja cha mtoto. Mgongo wake ni wa kijani, koo la njano, tumbo la kijivu, na jicho limezungukwa na manyoya meupe kama dirisha lililopakwa chokaa pembeni. Makao yake ni misitu ya juu ya Upare Kusini, hasa msitu wa Chome unaouvika mlima Shengena wilayani Same. Kwingine kokote duniani hayupo. Wanasayansi humwita Zosterops winifredae.

Tatizo ni majirani zake. Siku isiyo na mawingu, ukiwa juu ya Upare unaiona Kilimanjaro upande wa kaskazini-magharibi na vilima vya Taita, nchini Kenya, upande wa kaskazini. Kila mahali hapo pana ndege wake wa pete. Wa Taita ana tumbo la kijivu pia, ila pete yake ni pana sana. Wa Kilimanjaro ana pete pana, lakini tumbo lake limekolea kijani na njano. Chini kwenye nyika kavu, katika migunga ya Same na Mkomazi, yupo wa nne, mwenye rangi zilizopauka. Wakichorwa kitabuni wakiwa wamepangwa ubavu kwa ubavu, tofauti zao zinaonekana. Kwenye simu, ndege akiwa amegeuza mgongo, jua likiwa nyuma yake na jani limemkata shingo, wote wanne ni ndege mmoja.

Kila msimu wa safari huzaa picha za namna hiyo, na kila picha huja na swali lile lile: huyu ni ndege gani? Huu ni mti gani? Swali linaonekana jipya kwa kuwa simu ni mpya. Ukweli ni kwamba limeulizwa kuhusu milima na nyika hizi kwa zaidi ya karne moja na nusu, na kila mara jibu lilitegemea jambo moja dogo: aliyeuliza aliandika mahali, au hakuandika?

Kabla ya kamera kulikuwa na bunduki. Mzungu wa karne ya 19 aliyetaka kumjua ndege alimuua kwanza. Ngozi ilichunwa kwa uangalifu, ikajazwa pamba, ikafungwa kikaratasi mguuni, ikatiwa sandukuni na kubebwa na wapagazi hadi pwani. Jina lilitolewa Berlin au London, na mtu ambaye mara nyingi hakuwahi kukanyaga nchi hii. Ukisimama leo karibu na lango la Mkomazi, nje kidogo ya mji wa Same, utamwona hondohondo ambaye dume ana mdomo mwekundu na jike ana mdomo mweusi, kiasi kwamba mgeni hudhani ni ndege wa aina mbili. Kwa kisayansi anaitwa Tockus deckeni, kwa jina la Baron Carl Claus von der Decken, Mjerumani aliyefika Kilimanjaro mwanzoni mwa miaka ya 1860. Von der Decken aliuawa Bardera, kwenye mto Juba, mwaka 1865. Jina la ndege lilitangazwa miaka michache baadaye na Jean Cabanis, aliyekuwa akitunza ndege wa jumba la makumbusho la Berlin. Hondohondo mwenyewe, na watu waliokuwa wakimwita kwa lugha zao kabla Berlin haijawa mji mkuu wa chochote cha kwetu, hawakuulizwa.

Ni rahisi kuikasirikia kazi ile, na hasira hiyo ina haki yake. Lakini kile kikaratasi cha mguuni kilikuwa na busara ambayo picha zetu nyingi hazina. Kilitaja mahali, tarehe, jinsia, na mara nyingine mwinuko na jina la mkusanyaji. Ngozi bila kikaratasi ilikuwa takataka yenye manyoya. Mwanasayansi aliyefungua sanduku miaka 50 baadaye alisoma kikaratasi kabla ya kuangalia ndege.

Ndege wetu wa Shengena aliandikwa kwa njia hiyo katikati ya miaka ya 1930. Aliyemtangaza ni William Lutley Sclater wa London, na jina alilompa ni la Winifred Moreau. Winifred na mumewe, Reginald Moreau, waliishi Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo mwaka 1902 na Waingereza wakaiendeleza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Moreau hakuwa na shahada ya elimu ya viumbe. Kazi aliyoijua ilikuwa hesabu, na Amani alikokwenda mwaka 1928 aliajiriwa kushughulika na maktaba na mambo ya ofisi. Ndege aliwafanya kwa mapenzi, na akawafanya vizuri hivi kwamba baada ya kurudi Uingereza mwaka 1946 alikuja kuwa mhariri wa Ibis, jarida kubwa la elimu ya ndege. Winifred alifanya naye kazi. Ndiyo maana jina lake limo pia kwa ndege mwingine, wa milima ya Uluguru, aliyetangazwa mwaka 1938.

Kulikuwa na mtu wa tatu. Salimu Asumani alikuwa mkusanyaji wa ndege na mfuatiliaji wa viota aliyefanya kazi na Moreau pale Amani, na Moreau mwenyewe alimtaja katika maandishi yake. Watu kama Salimu ndio waliojua ndege analia vipi kabla hajaonekana, anajenga wapi, na yuko mlima gani na hayuko mlima gani. Ujuzi wao uliingia kwenye vikaratasi, lakini majina yao mara chache yaliingia kwenye majina ya ndege. Wachache walibahatika. Jali Makawa, mkusanyaji kutoka Malawi aliyefanya kazi kwa miaka mingi na Constantine Benson, alipewa ndege mmoja wa Zambia, Pogoniulus makawai, aliyetangazwa mwaka 1965. Kwa kejeli ya historia, ndege huyo anajulikana kwa ngozi moja tu iliyopatikana mwaka 1964. Hajaonekana tena, na wataalamu wamebishana kama kweli ni aina ya peke yake.

Mimea ilipitia njia hiyo hiyo, na kisa chake ni kichungu zaidi. Mkulo, mti mkubwa wa misitu ya milimani kuanzia Usambara hadi Upare na Kilimanjaro, unaitwa Ocotea usambarensis, jina alilolitoa Adolf Engler, ambaye kwa miaka mingi aliongoza bustani ya mimea ya Berlin. Yeye na wenzake walitangaza mamia ya mimea ya Afrika Mashariki. Tawi lilikaushwa, likabandikwa kwenye karatasi ngumu, pembeni pakaandikwa lilikotoka. Karatasi ya kwanza kutumika kutoa jina ndiyo inakuwa rejea ya milele: mtu yeyote akibishana kuhusu mmea huo, anarudi kwenye karatasi ile. Usiku wa tarehe 1 Machi 1943, mabomu ya Vita vya Pili yaliiangukia Dahlem, na hazina ile ya mimea mikavu ikateketea kwa sehemu kubwa. Mimea ya milima yetu iliungua katika vita ambavyo milima haikuvijua. Palipobaki nafuu ni pale ambapo nakala za tawi lile lile zilikuwa zimepelekwa kwingine. Na ile hazina ya mimea iliyoanzia Amani, ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950, na hadi leo ni moja ya mahali pa kurejea.

Hapa ndipo picha inapoingia, kwa njia ambayo wengi hawaijui. Kuanzia mwaka 1929, mtaalamu wa mimea kutoka Chicago, J. Francis Macbride, alizunguka Ulaya akizipiga picha karatasi za mimea ya Amerika ya kitropiki, Berlin ikiwamo. Alipomaliza alikuwa na picha zaidi ya 40,000. Moto ulipokula karatasi zenyewe, picha zake zikawa ndizo rejea pekee kwa mimea mingi ya Brazili na Peru. Zilifaa kwa sababu Macbride hakupiga ua likapendeza. Alipiga karatasi nzima, pamoja na maandishi ya pembeni. Bila maandishi yale, angekuwa ameokoa majani tu. Mimea ya Afrika Mashariki haikuwa sehemu ya mradi huo.

Sisi tuliachiwa picha za aina nyingine. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifanya kazi Upare na Uchaga katika miaka ya ukoloni wa Wajerumani, na picha zao sasa zinaonekana mtandaoni katika hazina inayotunzwa na Chuo Kikuu cha Southern California. Walther Dobbertin, mpiga picha wa Kijerumani aliyeishi katika koloni hili, aliacha mamia ya picha, na mwaka 2008 hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, Bundesarchiv, iliziruhusu nyingi zitumike bure. Zifungue uone. Maelezo ya picha za wakati ule mara nyingi huishia kwenye jina la kabila, la kituo cha misheni au la mlima. Mwanamke hana jina. Mti alioegemea hauna jina. Aliyepiga picha alijua anachotaka kuonyesha, na vingine vyote vikawa pazia la nyuma.

Lakini pazia husema. Mtu anayejua mimea anaweza kuisoma picha ya zamani kama shahidi asiyejua kwamba anatoa ushahidi. Mkonge ukionekana, picha haiwezi kuwa ya kabla ya mwaka 1893. Mwaka huo Dkt. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika Pangani ikiwa hai ilikuwa 62. Asili ya mmea wenyewe ni Mexico. Reli ikionekana karibu na Same, tumeshasogea hadi karibu mwaka 1911, njia kutoka Tanga ilipofika Moshi. Mkaratusi umetoka Australia, jakaranda Amerika ya Kusini, mahindi Amerika pia, na mgomba Asia, ingawa huu wa mwisho umekaa nasi muda mrefu hivi kwamba hakuna anayeukumbushia safari yake. Abiria wa leo anayepita Hedaru, Makanya na Same akapiga picha ya mistari ya mkonge, milima ikiwa nyuma, anadhani amepiga nchi kama ilivyokuwa tangu zamani. Amepiga biashara ya miaka ya 1890. Cha kale kuliko vyote katika picha yake huenda ni ule mbuyu ulioko pembeni, ambao ameukata nusu.

Kuna vitu vingine ambavyo mgeni hata akivipiga picha hajaviona. Bwawa dogo lililozungukwa na majani mlimani linaweza kuwa ndiva, hifadhi ya maji ambayo Wapare wamekuwa wakiijaza usiku na kuifungulia mashambani asubuhi, kwa zamu zinazojulikana. Kichaka kilichosongamana katikati ya mashamba kinaweza kuwa mpungi, mahali pa matambiko ya ukoo, ambapo miti haikukatwa kwa vizazi. Kwa mtaalamu wa mimea, mpungi ni kipande cha msitu wa asili kilichosalia. Kwa ukoo, ni hati ya historia. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mzaliwa wa Upare, alipoandika historia ya kisiasa ya Wapare iliyochapishwa mwaka 1969, alitegemea sana masimulizi ya wazee: koo zilitoka wapi, zikakaa wapi, zikahama lini. Wanahistoria wa kizazi chake walithibitisha kwamba mzee anayejua majina ya mahali ni nyaraka inayotembea. Wataalamu wa ndege na mimea walikuwa wakilitumia jambo hilo hilo tangu zamani, ila bila kulisema wazi.

Je, picha inatosha kumpa kiumbe jina? Jirani zetu wa Somalia wana kisa cha kufundisha. Mwaka 1988, katika eneo la hospitali ya Bulo Burti, alionekana ndege mweusi mgongoni na wa njano hafifu kifuani, asiyefanana na yeyote aliyejulikana. Alikamatwa. Watafiti, akiwamo Msomali Osman Gedow Amir, waliamua wasimuue: huenda alikuwa miongoni mwa wachache waliobaki. Walimpiga picha, wakachukua damu na manyoya yaliyodondoka, na mwaka 1990 wakamwachia huru katika hifadhi ya Balad. Mwaka 1991 wakamtangaza katika Ibis, jarida lile lile alilowahi kulihariri Moreau, kwa jina Laniarius liberatus, yaani aliyeachiwa huru. Wengine walilalamika kwamba jina halina mwili wa kurejea. Mwaka 2008 uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba hakuwa aina mpya. Alikuwa ndege wa Kisomali anayejulikana, ila mwenye rangi isiyo ya kawaida. Picha zilikuwa za kweli, na macho yaliyoziangalia yalikuwa ya wataalamu. Kilichomaliza ubishi ni damu, na damu ilikuwa na maana kwa sababu iliandikwa ilikotoka.

Kisa cha pili kinaelekea upande mwingine. Mwaka 2012 mkazi mmoja wa Brazili aliweka Facebook picha za mmea unaonasa wadudu. Mtaalamu aliyeziona alishtuka. Mpigapicha alijua ni mlima gani, watu wakaenda, wakaukuta, na mwaka 2015 ukatangazwa kama Drosera magnifica, mmea mkubwa wa aina yake unaoishi kileleni mwa mlima mmoja tu. Ingekuwa picha ya safari isiyo na anwani, watu wangeisifu siku mbili ikazama.

Hata ndege wetu wa pete alipata nafasi yake kwa njia kama hizo. Kwa miaka mingi vitabu vilimhesabu kama tawi tu la ndege mmoja wa milimani aliyesambaa Ethiopia, Kenya na Tanzania, kwa kuwa wote wanafanana. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba kufanana kule kulidanganya: ndege wa milima mbalimbali hawakuwa ndugu wa karibu kama rangi zilivyodai, na baadhi yao walikuwa karibu zaidi na wale wa nyika iliyo chini. Kila mlima ulikuwa kisiwa. Basi orodha za ndege zikaanza kumhesabu wa Upare Kusini peke yake. Jicho lingeangalia picha miaka 100 lisijue hilo. Kilicholiwezesha ni sampuli zilizokuwa na jina la mlima.

Leo programu za simu, kama ya iNaturalist iliyoanza mwaka 2008, humpa mtu yeyote jina la kukisia kwa sekunde chache. Zinasaidia, na zinaposhirikishwa mahali na tarehe husaidia zaidi. Lakini mashine hukisia kutokana na picha ilizolishwa, na kilichopigwa picha mara nyingi hushinda kilichopigwa mara chache. Ndege wa mlima mmoja ana wapigapicha wachache. Kosa moja likikubaliwa na watu wawili, ramani inaanza kuonyesha ndege mahali asipokuwapo, au kumkosa alipo. Kisha kuna yale ambayo lenzi haiyabebi kabisa. Mkulo una harufu ya kafuri, na majani yake ukiyageuza chini yamepauka. Picha ya taji la mti kutoka mbali haina harufu wala upande wa chini wa jani. Ndege wa pete husikika kabla ya kuonekana, wakiitana kwa sauti nyembamba huku kundi likihama mti hadi mti.

Hili lingekuwa suala la wapenda ndege peke yao kama msitu ungekuwa salama. Chome ina hekta 14,000 na ushei, na sasa ni hifadhi ya mazingira asilia. Kabla ya hapo mkulo wake ulipasuliwa mbao kwa miaka mingi, kwa ruhusa na bila ruhusa. Uamuzi wa kulinda bonde hili au kuliachia lile hufanywa mezani, mbele ya orodha na ramani. Kiumbe asiyeandikwa mahali pake hayumo kwenye orodha, na asiyekuwa kwenye orodha hana wa kumtetea siku shoka linapoombewa kibali. Picha ya simu yenye mlima na tarehe inaweza kuwa ushahidi wa aina ile ile ya kikaratasi cha mguuni, bila kumuua mtu yeyote. Ukikuta kiumbe adimu anayewindwa au mmea unaong'olewa kwa kuuzwa, ficha mahali kamili kwa umma na wape wahifadhi. Programu nzuri hufanya hivyo zenyewe.

Basi ukipanda Shengena, piga jani juu na chini, gome, tunda hata lililooza. Mpige ndege hata akiwa na ukungu, rekodi na sauti yake. Andika mlima, mwinuko, tarehe. Uliza jina lake kwa Chasu, uliandike kama lilivyotamkwa, na useme kijiji ulichoulizia. Halafu, kama kuna mtu aliyesimama ghafla njiani, akakushika mkono na kukuonyesha tawi ambalo ndege alikuwa juu yake, muulize kama anapenda kutajwa. Akikubali, andika jina lake pia.